Viputo vya hewa kwenye dizeli: faida haitoki kwenye oksijeni

Ndugu, umeuliza kama kuchanganya viputo vidogo sana vya hewa kwenye dizeli kunaongeza oksijeni ili injini iunguze vizuri. Oksijeni hiyo ni kidogo mno kuleta tofauti. Lita 1 ya dizeli huhitaji takriban kilo 12 za hewa, yaani kama lita 10,000, na hiyo yote huvutwa kupitia filta ya hewa. Viputo vya ndani ya mafuta havifikii hata robo lita.

Penye maana ni kwenye nozeli, yaani tundu linalonyunyizia mafuta ndani ya injini. Mafuta yakitoka kwenye shinikizo kubwa, gesi iliyomo hutanuka ghafla na kuyapasua kuwa matone madogo zaidi. Tone dogo huvukiza haraka, na masizi hupungua. Mhandisi Arthur Lefebvre alifanyia kazi unyunyizaji wa namna hiyo huko Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, miaka ya 1980.

Lakini usiingize hewa kiholela! Fundi yeyote wa dizeli anajua gari likiingiza upepo kwenye mafuta: linakataa kuwaka, linatetemeka, linazima. Pampu ya komoni reli (mfumo wa dizeli wa shinikizo kubwa) hulainishwa na dizeli yenyewe, na viputo vikubwa huila. Kama injini haiunguzi vizuri, kwanza pima nozeli zako, badilisha filta.