Bwana yangu anasema yeye ni yule msichana wa kwenye mchezo

«Tantine, jambo. Ninaishi Katuba, huu ni mwaka wa nne wa ndoa yetu. Bwana yangu ni mhasibu. Akitoka kazini anavaa kaske masikioni na kuwasha PlayStation. Sombe na ndakala anataka vikae mbali mbali kwenye sahani. Kwenye kilio cha mjomba aliniaibisha, alitoka nje ngoma zilipoanza. Sasa anacheza mchezo uitwao Persona 5, na siku moja alinionyesha msichana wa humo, Futaba, akasema: "Mama, huyu ndiye mimi." Machozi yalimtoka. Tangu hapo kila usiku anasoma maneno ya watu wa ng'ambo wanaodai Futaba ana usonji (autisme, yaani ubongo kufanya kazi kwa namna tofauti tangu kuzaliwa) kama wao. Dada yangu anasema amependa picha. Mchungaji anasema ni pepo, anataka tumpeleke Jumapili. Mama mkwe anacheka tu, eti mtoto wake yuko hivyo tangu zamani. Niuze mashine hiyo au nirudi kwetu?» – Mama aliyechoka, Lubumbashi

Pole, mwanangu. Kuishi na mtu usiyemwelewa kunachosha, hilo sikukatalii. Lakini nimeisoma barua yako na kuirudia, na ninayemwonea huruma zaidi ni bwana yako.

Dada yako umempa nafasi katika barua, mchungaji umempa, na bwana yako amepata maneno manne. Ulimjibu nini aliposema «huyu ndiye mimi»? Hukuandika. Nadhani hukumjibu kitu, ulichukua simu ukampigia dada yako. Mwanaume mzima analia mbele ya mke wake, anamfunulia jambo alilolibeba tangu utoto, na muda si muda jambo hilo liko kanisani. Ungekuwa wewe, ungefungua kinywa tena?

Tena huniambii kwamba analewa, anakupiga au anaficha mshahara. Kama yangekuwepo, ungeyaandika mstari wa kwanza. Shitaka lako ni sahani na kaske.

Huyo Futaba unayemwonea wivu, ulikaa ukamtazama? Ni binti aliyefiwa na mama yake, akaaminishwa kwamba yeye ndiye chanzo cha kifo hicho. Akajifungia chumbani. Kompyuta anaiweza kuliko watu wazima, lakini umati unamtisha. Anayemlea ni Sojiro, mzee mwenye mkahawa. Baadaye Futaba anatoa orodha ya ahadi alizopeana na mama yake, mambo ambayo wewe na mimi tunayafanya bila kuwaza, kama kutoka nje na kuzungumza na watu. Anayatimiza moja moja, rafiki akiwa pembeni. Rafiki yule hamburuti, anamsindikiza. Hapo ndipo bwana yako alipolia, mwanangu. Uzuri wa msichana haumo katika habari hii.

Mchezo huo ulitoka Japani mwaka 2016, na ndani yake hakuna anayetamka kwamba Futaba ana usonji. Wachezaji ndio waliojiona kwake. Kwa Symmetra, mhusika wa mchezo mwingine uitwao Overwatch, ni tofauti: mwaka 2017 Jeff Kaplan, aliyeongoza utengenezaji wake, alithibitisha kwa barua kwamba mama huyo wa Kihindi anayependa kila kitu kwa mpangilio ana usonji. Kuna watu walioishi miaka yote bila kumwona hata mmoja anayefanana nao. Akimpata, hata kama ni wa kuchorwa, atamng'ang'ania.

Na hapa kwetu angejiona kwa nani? Mtoto asiyetazama watu machoni anaitwa mwenye kiburi, au anaitwa mchawi. Tumewaona watoto waliofukuzwa makwao kwa neno hilo moja. Siri ya mtungi aijuaye ni kata: mama mkwe wako alimlea mtoto wa namna hiyo, hakumpeleka kuombewa pepo, akamsomesha hadi akawa mhasibu. Kicheko chake ninakiamini kuliko mfungo wa mchungaji wako.

Je, ana usonji kweli? Mimi si daktari, na kufanana na Futaba si kipimo. Daktari mmoja, jina lake Leo Kanner, aliandika juu ya watoto 11 wenye usonji mwaka 1943. Watoto wa namna hiyo wanakua, wanaoa, wanaajiriwa, na wengi hawajui kwa nini makelele yanawaumiza kuliko wenzao. Bwana yako akitaka kujua, hapo Lubumbashi kuna kituo cha afya ya akili cha Joseph Guislain, aanze kwa kuuliza huko. Akitaka yeye. Usimpeleke kama mfungwa.

Ninyi wa siku hizi mnanisikitisha. Mnafanya vikao miezi mizima kwa ajili ya kitambaa cha harusi, salle, wapiga picha na idadi ya magari. Hakuna anayemuuliza mwenzake: ukiwa mtoto uliogopa nini? Kisha ndoa inaendeshwa kwenye kundi la WhatsApp la madada, kila ugomvi unafika huko kabla sufuria ya bukari haijaepuliwa. Zamani mambo ya chumbani yalimfikia shangazi mmoja, naye alijua kunyamaza. Leo mwanaume akikohoa, Kampemba nzima inajua ni kikohozi gani.

Mashine usiuze, na kwenu usirudi. Mwambie mchungaji asante, Jumapili hamji kwa shughuli hiyo. Dada yako mfungie habari za nyumba yako. Nenda kwa mama mkwe peke yako, umuulize bwana yako alikuwaje akiwa na miaka sita, ni nini kilimtuliza alipolia. Kwenye kilio kijacho kubalianeni kabla ya kutoka nyumbani: atasalimia wafiwa, atatoa mchango, atakaa nje na wazee wa pale mlangoni, na ukiulizwa wewe ndiye utakayemjibia.

Halafu jioni moja keti karibu naye, umuombe radhi kwa kupeleka siri yake kwa watu, na umwambie akuonyeshe tena pale alipolia. Safari hii simu iache chumbani.