Vitabu vipya vya watoto maktabani: namna ya kuvipata kabla havijachukuliwa

Mleta mada anasema kila akienda maktaba na watoto wake (wa miaka 5 na 9) wanarudi na vitabu vilevile, na rafu iliyoandikwa "Vitabu Vipya" huwa na vitabu vitatu vinne visivyovutia. Wadau wengi wamemjibu "muulize mkutubi". Ni kweli, lakini ukiuliza ovyo utapewa vilevile ulivyokwisha kuvisoma. Ngoja nieleze kwa urefu.

Tuanze na kwa nini rafu ile iko hivyo. Kitabu kipya kikiagizwa hupitia mikono mingi: kinapokelewa, kinaingizwa kwenye katalogi (orodha ya vitabu vyote vya maktaba), kinabandikwa msimbopau na lebo ya mgongoni, kinavalishwa nailoni, ndipo kinatoka. Maktaba nyingi zenye katalogi ya kompyuta huingiza jina la kitabu tangu siku kinapoagizwa, na kuanzia hapo mwanachama yeyote anaweza kukiwekea nafasi. Kikimaliza matayarisho hakipiti hata rafuni, kinakwenda kwa aliyetangulia kukiomba. Unachokikuta kwenye rafu ya vitabu vipya ni vile ambavyo hakuna aliyeviwahi. Humo vizuri vimo pia, ila huwezi kutegemea rafu hiyo peke yake.

Kwa hiyo anzia kwenye katalogi, tena kabla ya kutoka nyumbani. Chagua sehemu ya watoto, usiandike neno lolote la kutafuta kama mfumo unakuruhusu, kisha panga matokeo kwa tarehe ya kuingizwa maktabani. Hapa ndipo watu wanapokosea: wanapanga kwa mwaka wa kuchapishwa. Mwaka wa kuchapishwa unadanganya pande zote mbili. Hadithi ya miaka 40 iliyopita ikivalishwa jalada jipya itaonekana ni ya mwaka huu, na kitabu kizuri cha miaka mitatu nyuma kilichofika maktabani wiki jana kitazama chini ya orodha. Ukikosa kitufe cha tarehe ya kuingizwa, tazama kama kuna orodha ya "vilivyoongezwa karibuni". Mara nyingi ipo ukurasa wa mbele, imefichwa chini.

Ukiona hali ya kitabu ni "kimeagizwa" au "kinashughulikiwa", weka nafasi papo hapo. Lakini usiweke nafasi ishirini kwa mpigo. Vitafika kwa pamoja, na kila kimoja kina siku chache tu za kukusubiri kabla hakijapewa mwingine. Vinne au vitano vinatosha kwa watoto wawili. Kama ni vitabu vya mfululizo, angalizo moja: ukiomba cha kwanza, cha pili na cha tatu siku moja, cha tatu kinaweza kufika mwanzo kwa sababu foleni yake mara nyingi ni fupi. Mifumo mingi ina kitufe cha kusimamisha ombi kwa muda bila kupoteza nafasi yako kwenye foleni. Simamisha cha pili na cha tatu mpaka cha kwanza kiwe mkononi.

Kwa wanaotafuta vitabu vya Kiswahili kwenye maktaba zenye lugha nyingi: ukichuja kwa lugha, vitabu vya lugha mbili mara nyingi vinatoweka, maana aliyeviandikisha alitaja lugha moja tu kama lugha kuu. Tafuta mara mbili. Kwanza kwa kichujio cha lugha (msimbo wa Kiswahili kwenye katalogi ni "swa"), kisha andika neno Kiswahili na pia Swahili kwenye kisanduku cha kawaida, ukibakiza sehemu ya watoto. Utashangaa tofauti. Na ukivikosa kwenye rafu ya hadithi, uliza kama kuna rafu ya lugha nyingine. Mara nyingi imetengwa kona yake.

Mkifika maktaba, usianze na rafu. Anza na toroli la vitabu vilivyorudishwa, lile ambalo bado halijapangwa. Vitabu vipya vinavyopendwa huishi hapo na mikononi mwa watu, rafuni ni wageni. Omba ruhusa kwanza, maana baadhi ya maktaba hazitaki toroli liguswe kabla vitabu havijasajiliwa kuwa vimerudi, na zina sababu: ukichukua kitabu ambacho bado kimeandikwa kwa jina la mwenzio unamletea usumbufu. Siku nzuri ya toroli ni siku chache baada ya shule kufunguliwa, watu wanaporudisha vya likizo.

Sasa rafu zenyewe. Kitabu cha picha cha kawaida kina kurasa 32. Si bahati: karatasi kubwa ya kiwandani hukunjwa ikawa kijitabu cha kurasa 16, na viwili vyake ndivyo 32. Matokeo yake mgongo wa kitabu ni mwembamba kiasi kwamba jina halisomeki kirahisi, na vikipangwa kwa mgongo macho yanaruka juu yake. Ndiyo sababu mtoto wa miaka 5 anarudia kitabu kimoja, anakichukua anachokitambua. Dawa ni kuvipekua kwenye yale masanduku ya chini ambako majalada yanatazama mbele. Kama hakuna, toa vitabu kumi vya herufi moja ya rafu, vitandaze mezani, na mwache achague kwa jalada. Leo herufi M, safari ijayo herufi nyingine. Kwa kuwa vimepangwa kwa jina la ukoo la mwandishi, njia hii inakupitisha kwa waandishi ambao usingewatafuta kamwe. Visivyochaguliwa usivirudishe mwenyewe kama huna uhakika wa mahali pake, viweke kwenye toroli. Kitabu kilichowekwa rafu isiyo yake ni sawa na kitabu kilichopotea.

Tena, kwa vitabu vya picha mfuate mchoraji, siyo mwandishi tu. Mchoraji mmoja hufanya kazi na waandishi wengi, na rafu haimjui kwa sababu imepangwa kwa jina la mwandishi. Katalogi inamjua: fungua ukurasa wa kitabu ambacho mtoto alikipenda kwa michoro, bonyeza jina la mchoraji, na kazi zake zote zilizomo maktabani zitatoka. Fanya vivyo hivyo kwa mada zilizoorodheshwa chini ya kitabu.

Eneo ninaloliona limesahaulika kuliko yote ni vitabu vya maarifa. Watu wanadhani "kitabu cha mtoto" ni hadithi, wanaishia nusu ya chumba. Maktaba zinazotumia mfumo wa Dewey, unaopanga vitabu kwa namba za mada, huweka ngano na hekaya kwenye 398.2, mbali kabisa na hadithi za kubuni, na vitendawili viko 398.6. Kwa hiyo mzazi anayetafuta hadithi za sungura na fisi kwenye rafu ya hadithi hatazikuta, ingawa zipo mita chache kutoka aliposimama. Katuni ziko 741.5 (baadhi ya maktaba zimezitenga), mafumbo na chemshabongo 793.73, sayari 523, dinosauri 567.9, wadudu 595.7. Mtoto wa miaka 9 asiyependa riwaya mpeleke 741.5 au 500 na kuendelea, umwache hapo nusu saa.

Kwa vitabu vya maarifa, upya una maana kubwa kuliko kwenye hadithi, kwa sababu kitabu cha zamani kinaweza kumfundisha kosa. Usitazame jalada tu. Fungua ukurasa wa haki za uchapishaji, uangalie mwaka, kisha jaribu sehemu moja unayoijua. Kitabu cha anga kikisema sayari ni tisa, kiliandikwa kabla ya Agosti 2006, Pluto ilipowekwa kundi la sayari kibete, au mhariri hakukisasisha. Atlasi isiyo na Sudan Kusini ni ya kabla ya 2011. Iliyoandika Swaziland badala ya Eswatini ni ya kabla ya 2018. Dinosauri wadogo wala nyama waliochorwa wote na ngozi tupu kama mjusi ni dalili ya michoro ya zamani, maana mabaki yenye alama za manyoya yalianza kutangazwa China mwaka 1996. Kwenye ukurasa huohuo unaweza kuona safu ya namba kama 10 9 8 7 6 5 4 3 2 1; namba ndogo kabisa iliyobaki ni chapa ya ngapi. Chapa ya nane si kitabu kipya, ni kitabu kilichouzika.

Kupima kama kitabu kinamfaa, dakika tatu zinatosha. Kwa anayejisomea: fungua ukurasa wa katikati, asiusome wa kwanza kwani unaweza kuwa mwepesi kuliko zinazofuata. Asome kwa sauti, akunje kidole kwa kila neno lisilomwelea. Kidole kimoja au hakuna, ni chepesi. Viwili au vitatu, panapofaa. Vitano, msomee wewe kwanza. Kipimo hiki hakifai kwa vitabu vyenye maneno machache kwa ukurasa, hapo tumia kurasa tatu kwa pamoja. Wala kisimnyime mtoto kitabu kigumu anachokitamani. Kipimo kinakwambia nani asome, wala si kama kiazimwe.

Kwa wa miaka 5, soma wewe kurasa mbili kwa sauti ya chini hapohapo. Sentensi ikikukwaza ulimi mara mbili, nyumbani utaichukia usiku wa tatu. Kisha funika maneno na utazame picha tu. Kama picha zinarudia kilichoandikwa bila kuongeza kitu, mtoto atachoka upesi. Vile vizuri vina jambo ambalo maneno hayakulisema, kwa mfano paka anayefanya vituko pembeni mwa picha huku hadithi ikimzungumzia mtu mwingine. Kwa tafsiri jihadhari zaidi: nyingine zimefanywa neno kwa neno, na mdundo wa mashairi umekufa. Sauti yako itagundua kabla ya akili.

Uwiano ninaoupendekeza kwa vitabu kumi: vitano mtoto achague bila kuulizwa swali, hata kama ni kilekile cha mwezi uliopita, vitatu uchague wewe kati ya vipya, viwili viwe vya maarifa. Kurudia kitabu si tatizo, kwa wadogo ndiyo namna ya kujifunza maneno. Tatizo ni pale vyote kumi vinaporudiwa.

Sasa la mkutubi. Usimuulize "una kitabu gani kizuri cha miaka 9?" Umri haumwambii kitu. Mpe vitu vitatu: kitabu kimoja ambacho mtoto alikimaliza na kwa nini, kimoja alichokiacha njiani na aliachia wapi, na kama anajisomea au anasomewa. Mfano: "Alipenda kile cha upelelezi kwa sababu sura ni fupi, akaacha cha baharini kwa sababu kuna maelezo marefu kabla ya kitu kutokea." Hapo mkutubi anajua anatafuta mwendo wa haraka na sura fupi, na hadithi yenyewe inaweza kuwa ya jambo lolote. Kilichoachwa njiani husaidia zaidi ya kilichopendwa, lakini wazazi hawakitaji. Mwache mtoto aseme mwenyewe kama anaweza.

Orodha za tuzo zinasaidia, ila jua unachotafuta. Newbery (tangu 1922) na Caldecott (tangu 1938, ya michoro) za Marekani hutolewa kila mwaka kwa kitabu kimoja kimoja, na zinahusu vitabu vilivyochapishwa Marekani. Hizo utazitafuta kwa jina la kitabu. Tuzo ya Hans Christian Andersen ya IBBY (Bodi ya Kimataifa ya Vitabu vya Vijana), iliyoanza 1956, hutolewa kila baada ya miaka miwili kwa kazi yote ya mwandishi, na tangu 1966 ya mchoraji pia. Hiyo utaitafuta kwa jina la mtu. Kwa anayetaka kutoka nje ya lugha moja, ningeanza na orodha ya White Ravens ya Maktaba ya Kimataifa ya Vijana iliyoko Munich, inayochagua vitabu vya lugha nyingi. Usichukue mshindi tu, soma majina ya waliofika fainali. Mshindi ana foleni, hao wengine mara nyingi wako rafuni.

Ukikosa kitabu kabisa, maktaba nyingi zina fomu ya kupendekeza ununuzi, na wachache huijaza. Andika jina, mwandishi, mchapishaji, mwaka na ISBN, yaani namba ya utambulisho wa kitabu, ya tarakimu 13 (vitabu vya kabla ya 2007 vina 10), pamoja na sentensi moja ya sababu, mfano "rafu ya Kiswahili haina kitabu cha picha kuhusu bahari". Ombi lenye ISBN linashughulikiwa haraka kwa kuwa hakuna wa kukisia ni toleo gani. Kikiwa cha zamani na hakiuzwi tena, fomu hiyo haitasaidia. Omba kiazimwe kutoka maktaba nyingine, na uulize kwanza kama huduma hiyo inalipiwa.