Vijiji viwili havitoshi, hata upime watoto elfu

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi nesi, niko Geita, nasoma masters ya afya ya jamii. Nataka kuona kama kuwafundisha kinamama kunawa mikono kunapunguza kuhara kwa watoto chini ya miaka 5. Nimechagua vijiji viwili, kimoja kifundishwe kingine kisifundishwe, watoto 500 kila kimoja. Msimamizi anasema sampo ndogo! Watoto 1,000 ni wachache kweli? Au nipige kura ya nani afundishwe nani asifundishwe, kwa mama mmoja mmoja?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Msimamizi yuko sahihi, usimkasirikie. Fikiria katikati ya utafiti pampu ya kile kijiji ambacho hujafundisha inaharibika, watu wanarudi kuchota lamboni, watoto wanaharisha, halafu wewe unaandika kwamba mafunzo yako yamefanya kazi. Kumbe ni pampu tu. Ulichopigia kura ni kijiji, kwa hiyo una vitu viwili, sio elfu moja.

Watoto wa kijiji kimoja wanafanana, maji yao mamoja, choo cha shule kimoja, na huo mfanano una kipimo, kinaitwa ICC. Chukua idadi ya watoto kwa kijiji, toa 1, zidisha na ICC, jumlisha 1, halafu gawa idadi yako kwa jibu utakalopata. Tuseme ICC ni 0.05: watoto 500 wa kijiji kimoja wanabaki na uzito wa ushahidi wa watoto kama 19 hivi. Ukichukua 40 tu unapata kama 13 na nusu! Yaani wale 460 wa ziada umewapima, umechoka, umemaliza hela ya bodaboda, wamekuongezea watoto sita. Sasa chukua vijiji 24 kwa watoto 40, jumla 960, unapata uzito wa watoto kama 325 wakati vijiji vyako viwili vinakupa 38. Kazi ya kupima ni ileile, ila nauli itaongezeka, hilo sikufichi.

Kura ya mama mmoja mmoja hapana, wanachota maji pamoja, jioni wote watakuwa wameshaambiana. Kule Asembo, magharibi ya Kenya, hata nyumba zisizo na vyandarua zilipata nafuu ya malaria kwa sababu tu ziko ndani ya mita 300 na vijiji vyenye navyo. Kwa hiyo acha nafasi kati ya vijiji vyako.

Ukikosa vijiji vingi, panga jozi za vijiji vinavyofanana. Utafiti wa Mwanza wa kutibu magonjwa ya zinaa, uliotoka 1995, ulikuwa na jamii 12 tu, jozi 6, za visiwani na za visiwani, za barabarani na za barabarani, kura ikapigwa ndani ya kila jozi, na maambukizi mapya ya VVU yakaonekana kupungua kama asilimia 40.

Halafu orodhesha kaya zote KABLA ya kura, maana wakusanya data wakishajua kijiji kipi kinafundishwa wataanza kuchagua nyumba. Kura yenyewe ipigwe mbele ya wenyeviti wa vijiji, wachomoe karatasi wenyewe, na uwaambie palepale kwamba watakaokosa watafundishwa utafiti ukiisha.