Pointi za Nini, za Mwaka Gani?

Wadogo zangu mnaoanza kazi hapa dukani ya kuwasaidia watu kuomba vyuo mtandaoni, matokeo ya kidato cha sita yakishatoka viti hivi havitapoa. Wa Ngamiani na Chumbageni watakuja na baiskeli, wa Muheza na Pangani watashuka na bahasha zao, na karibu kila mmoja atawanyooshea simu: "Kaka, huku wameandika pointi 4. Mimi nina 10. Ninazo sifa au sina?"

Kabla hujagusa kompyuta, muulize: pointi za nini?

Hesabu ziko mbili, tena zinakwenda kinyume. Baraza la Mitihani likipanga divisheni, A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, E ni 5, S ni 6 na F ni 7. Masomo matatu ya kombi, yaani mchepuo wa mwanafunzi, yanajumlishwa, na jumla ikiwa ndogo ndiyo sherehe: 3 mpaka 9 ni divisheni wani, 10 mpaka 12 ni tuu. Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, inahesabu kutokea upande wa pili: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Hapo nyingi ndiyo nzuri. Ile 4 inayotajwa kuwa kiwango cha chini cha kuomba shahada ni ya hesabu hii ya pili, na inatokana na prinsipo mbili, yaani ufaulu wa E kwenda juu, katika masomo ambayo kozi yenyewe imeyataja. S si prinsipo. Jenerali stadizi, somo lililo nje ya kombi, usiitie humo hata mzazi akikung'ang'ania.

Chukua karatasi ya mwenye C, C na D. Kwa Baraza ana 10, divisheni tuu. Kwa TCU, zile C mbili peke yake ni 6. Matokeo ni yale yale. Sasa anatokea mtu mtandaoni anaandika "kozi hii inataka pointi 10" halafu anaishia hapo. Sentensi hiyo haina faida yoyote, hata kama aliyeiandika ana wafuasi laki moja.

Mimi mwenyewe nililikoroga, mwaka wangu wa pili kwenye kazi hii. Mama mmoja alimleta bintiye wa HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), ana D, D na S. Nikatafuta haraka haraka, ukurasa wa kwanza ukaniambia prinsipo inaanzia C, na D ni pointi 1. Nikamwambia binti, pole mdogo wangu, jaribu stashahada. Mama akaikunja karatasi mara nne, akaifunga kwenye pindo la kanga, pamoja na nauli. Jioni nikafungua mwongozo wa TCU wenyewe. Mstari ule nikaukuta kweli, ila juu yake pameandikwa kuwa ni wa waliomaliza 2014 na 2015, enzi za gredi zenye B+. Mtu alinakili mstari akaacha kichwa chake. Binti alimaliza baadaye. D mbili zake zilikuwa 4 kamili. Namba yao ya simu sikuwa nimeichukua. Walirudi wenyewe awamu ya pili ya maombi, wameshaelezwa na mtu mwingine, na mama hakunisemesha; aliongea na bosi.

Kwa hiyo siku hizi ukurasa nauanzia mkiani. Anwani ya Baraza na ya TCU huishia na .go.tz, za vyuo .ac.tz, huko mbele kila mtu anaweza kubandika neno "tcu". Kisha natafuta mwaka ndani ya maandishi, si kwenye kichwa cha habari. Wapo wanaobadilisha kichwa kila msimu na kuuacha mwili ule ule wa zamani, tarehe za dirisha la maombi lililokwisha kufungwa zikiwa bado zimo. Na anayeahidi kukuongezea pointi kwa kutumiwa hela kwenye simu, huyo hata msimsome.

Si ugonjwa wa kwetu tu. Kijana mmoja wa Raskazone anayetaka kusoma Marekani alinionyesha ukurasa unaomshauri alenge 1800 kwenye mtihani wao wa SAT. Tangu 2016 mtihani huo kikomo chake ni 1600. Ushauri ulikuwa wa zama za 2400.

Jingine: kuwa na 4 ni ruhusa ya kuomba, si nafasi. Kozi zinazogombewa huchukua wenye nyingi zaidi, na picha za "mwaka jana waliingia na ngapi" hazitaji waliomba wangapi.

Wakija wenye stashahada, fungueni mwongozo wao. TCU huwatolea wa peke yao. Aliyechaguliwa vyuo zaidi ya kimoja akitumiwa namba ya kuthibitisha, aichape mwenyewe, nyie geukeni pembeni. Na namba za simu za wateja ziandikwe kwenye daftari la kijani, kila mtu, hata aliyekuja kuuliza tu.

Dirisha likifunguliwa, mchana mtandao husuasua. Tutaanza saa 12 asubuhi. Atakayewahi ateleke chai.