Kurekebisha taa za mbele baada ya kuinua gari

Ndugu, umeuliza kwa nini madereva wanakulalamikia taa tangu uinue gari kwa springi ndefu, ilhali taa zenyewe hukuzigusa. Kama mbele na nyuma zimeinuka sawa, pembe ya mwanga haijabadilika, kilichopanda ni kimo tu. Lakini mbele ikizidi nyuma kwa sentimita 5, kwenye gari ambalo ekseli zake zimeachana sentimita 250, mwanga umeinuka kwa asilimia 2, na ule mteremko wa kawaida wa mwanga wa asilimia 1, yaani kushuka sentimita 1 kwa kila mita, umemezwa wote, taa zikabaki zinatazama juu.

Jaza tairi upepo, pakia mzigo wako wa kila siku, kisha simamisha gari mahali tambarare, mita 10 kutoka ukutani. Bandika tepu ukutani kwa kimo cha kitovu cha taa, ulichokipima upya baada ya kuinua. Washa dimu, yaani mwanga wa chini wa kupishana, funika taa moja, na uzungushe taratibu skrubu ya juu na chini ya ile nyingine hadi ukingo wa juu wa mwanga, pale uliponyooka, ushuke sentimita 10 chini ya tepu. Taa zikiwa zaidi ya mita 1 kutoka ardhini, mimi ningeshusha 15. Skrubu ya kushoto na kulia iache.