Jibu: Leseni ya pikipiki ukiwa na miaka 58 hapa Uingereza

Heshima yako, mzee mwenzangu. Unasema una leseni ya gari ya huku, umenunua pikipiki ya Triumph Bonneville ya 1969 na hujui uanzie wapi.

Kwanza tazama nyuma ya kadi yako: mwenye leseni kamili ya gari huwa ana daraja A (la pikipiki za nguvu yoyote) la mwanafunzi. Anza na CBT, yaani mafunzo ya msingi ya lazima, kisha mtihani wa nadharia, halafu sehemu mbili za mtihani wa vitendo: Mod 1 uwanjani na Mod 2 barabarani. Umeshapita miaka 24, hivyo unaruhusiwa kwenda moja kwa moja kwenye daraja A. Mod 1 ndiyo ya kufanyia mazoezi sana, maana utakwepa kizuizi na kufunga breki ghafla ukiwa kwenye kama kilomita 50 kwa saa.

Bonneville yako iache nyumbani siku ya mtihani. Pikipiki ya mtihani inatakiwa kufikia nguvu ya kilowati 50 na hiyo haifiki. Tumia ya shule ya udereva.

Kubwa zaidi ni hili: gia zake ziko mguu wa kulia na breki ya nyuma kushoto, kinyume kabisa na utakachofundishwa. Mimi, leseni mkononi, nilizunguka kwanza vichochoro vitulivu asubuhi za Jumapili mpaka miguu ikazoea. Nakusihi ufanye hivyo kabla ya kugusa barabara kuu.