Hiyo ni kasi ya RAM, si ya diski

Unasema ulipima SSD yako ya SATA kwa dd, amri ya Linux ya kunakili data, ukapata GB 2 kwa sekunde, mara nne ya Windows. Hapana, Linux haijaipiga Windows mara nne kwenye SSD ileile. Hiyo GB 2 kwa sekunde uliyopata kwa dd ni kasi ya RAM: kernel, yaani kiini cha mfumo, inapokea data, inaiweka kwenye kumbukumbu, inakwambia "tayari", halafu inaiandika kwenye diski baadaye kwa wakati wake. SATA yenyewe, njia inayounganisha SSD na kompyuta, mwisho wake ni MB 600 kwa sekunde, na SSD nzuri hukwamia kwenye 550 hivi. Rudia amri ileile ukiongeza conv=fdatasync, inayoifanya dd isubiri data ifike kwenye diski, uone namba inavyoporomoka.

Nami niliwahi kunaswa hapo. Laptopu yangu kuukuu, diski ya kuzunguka, ikanipa zaidi ya GB 1 kwa sekunde, nikajisifu. Kumbe dd imeshamaliza na taa ya diski bado inamemeteka tu.

Ukitaka kulinganisha kwa haki, tumia fio, programu ya kupima kasi ya diski, pande zote mbili, faili liwe kubwa kuliko RAM, na uweke end_fsync=1 ili nayo isubiri data ifike kwenye diski. Usichote sifuri za /dev/zero (faili la Linux linalotoa sifuri tupu) kama una ZFS au Btrfs, mifumo ya kupanga faili kwenye diski, iliyowashwa mgandamizo, maana zinabanwa mpaka karibu hakuna kinachofika kwenye diski.

Mac nayo ina yake: fsync ya kawaida pale, yaani ombi la programu kwamba data iandikwe sasa hivi, haiilazimishi diski kumwaga kashe yake ya ndani (kumbukumbu yake ya muda), mpaka programu iombe F_FULLFSYNC. Kwa hiyo ikikuonyesha mbio za ajabu kwenye jaribio la hifadhidata, angalia hapo kwanza.